Kutoka Kuvunja hadi Kughushi: Historia ya Kidhibiti Mwendo na Ukwepaji Wake

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya kidhibiti mwendo cha gari na mbinu za kukikwepa, kuanzia gavana ya mtambo wa mvuke ya karne ya 18 hadi vifaa vinavyotuma taarifa kwa mamlaka za usafiri za Afrika Mashariki. Hoja kuu ni kwamba kifaa hiki kimehama kutoka ulimwengu wa chuma kwenda ulimwengu wa taarifa, na ukwepaji wake umehama pamoja nacho. Zamani kukwepa kulikuwa kuvunja. Leo, mara nyingi, ni kughushi. Lugha inayotumika katika ukaguzi, habari na maonyo rasmi bado haijafuata mabadiliko hayo, na pengo hilo lina athari kwa sera.

Utangulizi

Magari mengi yaliyotumika yanayoletwa Afrika Mashariki kutoka Japani yana kipimamwendo kinachoishia kwenye namba 180. Watumiaji wengi huichukulia namba hiyo kuwa kipimo cha nguvu za gari. Kihistoria, ni alama ya makubaliano: watengenezaji walikubaliana kwamba gari lisipewe mafuta zaidi likifika mwendo huo, hata kama injini ina uwezo wa kuendelea. Namba hiyo ni mlango mwafaka wa kuingilia swali la makala haya: kikomo cha mwendo kinapowekwa ndani ya mashine, ni nani anayekilinda, na anayekikwepa anafanya kosa gani hasa?

Gavana ya Chuma

Mwaka 1788, James Watt aliufungia mtambo wake wa mvuke gavana ya mipira miwili inayozunguka, wazo lililokwisha kutumika katika vinu vya upepo. Mtambo ulipokwenda kasi, mipira ilipanuka na kuvuta wenzo uliopunguza mvuke. Ulipopungua kasi, mipira ilishuka na mvuke ukaongezeka. Jina la kifaa lina asili ya neno la Kigiriki la mshika usukani wa chombo. Kwa maana hiyo, gavana ya kwanza ilikuwa nahodha, si askari.

Sura ya askari ilijitokeza gari lilipoingia mitaani. Mwaka 1923, wakazi wa Cincinnati nchini Marekani, waliochoshwa na vifo vya watoto barabarani, walikusanya saini takriban 42,000 kutaka kila gari mjini humo lifungwe gavana ya kulizuia kuzidi maili 25 kwa saa, yaani takriban kilomita 40. Wafanyabiashara wa magari waliendesha kampeni kali dhidi ya pendekezo hilo, nalo likashindwa kwa kura. Tukio hilo liliweka wazi mgogoro uliodumu hadi leo: kasi ni bidhaa inayouzwa, na anayeiuza hapendi kufungiwa kikomo na mwingine.

Gavana za chuma zilikuwa na sifa moja muhimu kwa mkaguzi. Zilifanya kazi kwa springi, fimbo na vali, nazo zililindwa kwa lakiri. Aliyetaka kuzikwepa alilazimika kulegeza, kukata au kung'oa kitu. Kosa liliacha kovu, na kovu lilionekana kwa macho.

Makubaliano ya Viwanda

Nchini Japani, watengenezaji walijiwekea kikomo cha kilomita 180 kwa saa kwa magari ya kawaida na 140 kwa magari madogo ya daraja la kei. Hakikuwa kikomo cha barabarani, kwani sheria ya barabara kuu iliruhusu 100 tu. Wakati huohuo, kwa miaka kadhaa hadi 1986, kanuni za usalama zilitaka gari lilie kengele ndani dereva anapovuka takriban mwendo huo wa kisheria. Kulikuwa, basi, na ngazi mbili: kengele ya kukumbusha sheria, na mkato wa mafuta wa kufunga njia.

Nchini Ujerumani, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, watengenezaji wakubwa walikubaliana kiungwana kuyazuia magari yao yenye nguvu yasizidi 250. Hata hapo kikomo kilikuwa cha hiari, na baadaye kikageuka bidhaa: BMW huwauzia wateja wa magari yake ya michezo kifurushi kinachopandisha kikomo, pamoja na mafunzo ya udereva. Nissan nayo, katika gari lake la GT-R la mwaka 2007 kwa soko la Japani, iliweka mfumo unaoruhusu kikomo kiondolewe pale tu satelaiti inapothibitisha kuwa gari liko katika uwanja wa mashindano unaotambuliwa. Mifano hii inaonyesha kwamba kuondoa kikomo si kosa kwa asili yake. Swali ni nani ameruhusu, wapi na kwa masharti gani.

Kutoka Kuvunja hadi Kudanganya

Mabadiliko makubwa yaliletwa na kompyuta ya injini. Katika magari ya kizazi hicho, kihisi kilichofungwa kwenye giaboksi hutoa mapigo ya umeme kadiri magurudumu yanavyozunguka. Kompyuta huyahesabu, yanapofikia idadi iliyowekwa, huamuru nozo zisimwage mafuta. Nguvu hukatika, mwendo hushuka kidogo, kisha mafuta hurudi. Kikomo cha pili, cha mizunguko ya injini, hutumia mbinu hiyohiyo ya kukata mafuta, lakini kwa lengo tofauti: huilinda injini yenyewe isijiangamize. Kikomo cha mwendo hulinda zaidi ya injini. Katika magari mengi kimewekwa kulingana na uwezo wa tairi: tairi ya daraja S imethibitishwa kwa 180, ya daraja H kwa 210. Anayeondoa kikomo huku akibakiza tairi zilezile amehamisha hatari kutoka kwenye kompyuta kwenda kwenye mpira.

Kwa kuwa sasa kikomo kinategemea hesabu, wenye kutaka kukikwepa hawakuhitaji tena kuvunja. Katika soko la wapenzi wa magari ya kasi nchini Japani vilianza kuuzwa vijisanduku vya kufunga kati ya kihisi na kompyuta. Kazi yake ilikuwa kubadilisha ujumbe, ili kompyuta iamini kwamba gari linakwenda taratibu kuliko hali halisi. Baadaye mafundi waliandika upya programu ya kompyuta yenyewe. Katika hali zote mbili hakuna springi iliyolegezwa wala lakiri iliyokatwa. Gari ni zima. Kilichoharibika ni ukweli wa taarifa yake.

Ulaya ililitambua jambo hili mapema kiasi. Agizo la mwaka 1992 liliweka vidhibiti kwenye malori ya zaidi ya tani 12, kwa kikomo cha 90, na mabasi ya zaidi ya tani 10, kwa kikomo cha 100. Takografu ya kidijitali ilipolazimishwa kwa magari mapya ya aina hiyo mnamo Mei 2006, kihisi chake kilitakiwa kuwasiliana na kifaa kwa ujumbe uliosimbwa. Msisitizo ulihama kutoka kuilinda lakiri peke yake kwenda kuulinda ujumbe.

Afrika Mashariki Tangu 2003

Nchini Kenya, kanuni zilizotangazwa mwaka 2003 chini ya Waziri John Michuki na kuanza kutekelezwa tarehe 1 Februari 2004 zilitaka matatu na mabasi yafungwe vidhibiti vya kilomita 80 kwa saa, pamoja na mikanda ya usalama. Rwanda, kwa amri ya rais ya mwaka 2015, ilichagua kilomita 60 kwa magari ya abiria. Tanzania iliweka mkazo katika mfumo wa kufuatilia mwenendo wa mabasi kwa satelaiti, maarufu kwa jina la VTS, ambao LATRA iliyoundwa mwaka 2019 inausimamia.

Vikomo hivi vinatofautiana na vya Japani kwa jambo moja la msingi. Kidhibiti cha kiwandani huzaliwa na gari; cha matatu hufungwa baadaye, kwa gharama ya mmiliki, katika gari ambalo mapato yake yanategemea idadi ya safari. Dereva anayetakiwa kumpelekea tajiri hesabu ya siku, kisha abaki na kinachozidi, ana sababu ya kila siku ya kukwepa kikomo. Ukaguzi wa gari wa mara moja kwa mwaka hauna nguvu ya kushindana na sababu hiyo, kwa kuwa huthibitisha hali ya gari siku ya ukaguzi tu. Si ajabu, basi, kwamba mkondo wa sera umeelekea kwenye vifaa vinavyorekodi na kutuma taarifa. Hata hivyo, kifaa kinachotuma taarifa hakina thamani kubwa kuliko ukweli wa taarifa kinayoituma.

Uzito wa suala unatokana na fizikia isiyojali lugha wala mpaka. Nishati ya mgongano hukua kwa mraba wa mwendo: basi linalokwenda 120 lina nishati mara 2.25 ya lile linalokwenda 80. Abiria aliyelipa nauli akiamini kwamba gari limefungwa kwa 80 hakuulizwa kuhusu tofauti hiyo.

Neno na Kosa

Mitaani kifaa hiki huitwa spidi gavana. Katika maandishi rasmi ni kidhibiti mwendo. Nchini Kenya, tangu uchaguzi wa 2013, neno gavana limemrudia pia kiongozi wa kaunti, na wasemaji hawachanganyikiwi. Tatizo haliko kwenye jina la kifaa, liko kwenye kitenzi cha kosa. Maonyo na habari hutumia zaidi kuchezea: dereva amechezea kidhibiti, amechezea VTS. Kitenzi hiki kimetokana na cheza, na ingawa kimepata maana ya kuharibu, bado kinabeba wepesi wa utundu. Aidha, kinafunika vitendo vitatu ambavyo historia imevitenganisha: kuharibu kifaa, kukizima, na kukilisha taarifa ya uongo.

Kitendo cha tatu kina ndugu katika msamiati wa sheria. Anayebadilisha hati ili isomeke isivyo huitwa mghushi, na hakuna anayesema amechezea hati ya kiwanja. Taarifa ya mwendo imekuwa hati: hutumiwa na mamlaka na mkaguzi, na huweza kuwa ushahidi baada ya ajali. Kuibadilisha ni kughushi mwendo. Istilahi hii si pambo. Mkaguzi anayetafuta uharibifu huangalia waya na lakiri. Anayetafuta ughushi hulinganisha mwendo uliorekodiwa na muda halisi wa safari kati ya vituo viwili, kazi isiyohitaji hata kufungua boneti.

Hitimisho

Historia ya miaka zaidi ya 230 inaonyesha kwamba kikomo hukwepwa kwa njia inayofanana na umbile lake: cha chuma huvunjwa, cha taarifa hughushiwa. Kwa kuwa Kiswahili kiliridhiwa mwaka 2021 kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, na kwa kuwa magari ya abiria huvuka mipaka kati ya nchi zenye vikomo tofauti, inafaa kanuni za nchi wanachama zitenganishe kwa istilahi moja kuharibu, kuzima na kughushi, na kila kosa lipewe namna yake ya ukaguzi. Zisipofanya hivyo, mkaguzi ataendelea kuikuta lakiri ikiwa nzima, aligonge gari muhuri wa kufaulu, na kuliruhusu kuingia barabarani likiwa na mwendo usiojulikana na yeyote isipokuwa dereva.