Kususia Kombe la Dunia: maana yake nini, na nani hubeba gharama?

Ukiingia kwenye kibanda umiza pale Mchombe jioni ya mechi kubwa, ubishi siku hizi hauanzii kwenye mpira. Unaanzia kwenye siasa. Mmoja atasema Kombe la Dunia la 2026 lilistahili kususiwa kwa sababu ya Marekani. Mwingine atamjibu, "Siasa na mpira wapi na wapi?"

Ukweli ni kwamba viwili hivi vimeishi nyumba moja muda mrefu. Na Afrika ndilo bara pekee lililowahi kulisusia Kombe la Dunia kwa pamoja. Twende taratibu.

Kususia ni nini hasa?

Ni timu, nchi au mashabiki kukataa kushiriki kwa makusudi, ili kushinikiza jambo fulani. Usichanganye na kufungiwa. Kufungiwa unaamuliwa na FIFA au CAF. Kususia unaamua mwenyewe.

Kuna pia kususia nusu: timu inacheza, ila viongozi wa serikali hawaendi uwanjani, au mashabiki hawanunui tiketi.

1966: Afrika yote yabaki nyumbani

Kombe la Dunia la 1966, Uingereza, lilikuwa na nafasi 16. FIFA ilitoa nafasi moja tu kwa Afrika, Asia na Oceania, wagombanie wenyewe. Bingwa wa Afrika angelazimika kucheza tena mchujo na mabara mengine.

Kiongozi wa Ghana, Kwame Nkrumah, na bosi wake wa michezo Ohene Djan wakasema hapana. Mwethiopia Yidnekatchew Tessema akasimama nao. Hoja ya pili ilikuwa Afrika Kusini ya Makaburu, ambayo FIFA ilikuwa imeirudisha kundini mwaka 1963. Nchi 15 za Afrika zilizokuwa zimejiandikisha zikajitoa.

Walipata nini? FIFA iliisimamisha tena Afrika Kusini mwaka 1964. Na kuanzia Kombe la Dunia la 1970, Afrika ikapewa nafasi yake kamili. Morocco ndiyo iliyoitumia.

Walipoteza nini? Ghana ilikuwa bingwa wa Afrika 1963 na 1965. Kizazi kile hakikucheza Kombe la Dunia, na Ghana ilisubiri hadi 2006 kufika huko. Wakati huohuo Eusébio, mzaliwa wa Msumbiji, jirani zetu kabisa, alimaliza mfungaji bora wa 1966 kwa mabao 9. Ila alivaa jezi ya Ureno.

1976: zamu ya Tanzania

Hii inatugusa moja kwa moja. Mwaka 1976 timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini, kipindi kilekile ambacho wanafunzi wa Soweto walikuwa wanapigwa risasi. Afrika ikataka New Zealand itolewe kwenye Olimpiki ya Montreal. Kamati ya Olimpiki ikakataa, ikisema raga si mchezo wa Olimpiki.

Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kujitoa. Nyingi zikafuata. Hata mashindano ya soka ya Olimpiki yaliathirika: Ghana, Nigeria na Zambia zilijitoa, yakachezwa na timu 13 badala ya 16.

Aliyelipa bei kwetu ni Filbert Bayi. Februari 1974 alikuwa ameweka rekodi ya dunia ya mita 1500 kwa kumshinda John Walker wa New Zealand, tena nchini kwake Walker. Dunia ilisubiri warudiane Montreal. Bayi hakukimbia. Walker akachukua dhahabu.

Mwaka uliofuata, nchi za Jumuiya ya Madola zilikubaliana kuzuia mahusiano ya michezo na Afrika Kusini. Ndiyo Makubaliano ya Gleneagles.

Kwa watu wa bonde la Kilombero, msimamo huo haukuwa wa kwenye redio tu. Reli ya TAZARA inayopita kwetu ilikabidhiwa rasmi Julai 1976, mwezi uleule wa Montreal. Ilijengwa ili Zambia isitegemee njia za Makaburu na Rhodesia. Na hapohapo mkoani Morogoro, Mazimbu, wakimbizi wa ANC walipewa ardhi wakajenga shule. Michezo ilikuwa kipande kimoja cha mapambano makubwa.

1996: ukisusia peke yako

Fainali za Mataifa ya Afrika za 1996 zilifanyika Afrika Kusini iliyo huru. Nelson Mandela alikuwa ameulaani utawala wa Sani Abacha wa Nigeria kwa kumnyonga mwandishi Ken Saro-Wiwa. Nigeria, bingwa mtetezi, ikagoma kwenda.

Mashindano yaliendelea bila wao. Afrika Kusini ikabeba kombe, na CAF ikaifungia Nigeria fainali za 1998. Hapo aliyesusia ndiye aliyeumia.

2022: mbili tofauti

Kabla ya Kombe la Dunia la Qatar kulikuwa na kelele nyingi Ulaya kuhusu haki za vibarua wahamiaji, wakiwemo Wakenya. Hakuna timu hata moja iliyosusia.

Mwaka huohuo, Urusi ilipoivamia Ukraine, Poland ilisema haichezi na Urusi mechi ya mchujo. Sweden na Czech zikasema hivyohivyo. Ndani ya siku chache FIFA iliifungia Urusi. Tofauti ni moja: wapinzani waliotakiwa kuingia uwanjani walikataa kwa pamoja.

2026: na sisi tumo

Kombe la Dunia la 2026 lilipangiwa Marekani, Canada na Mexico. Januari 2026, Rais Donald Trump alipoitaka Greenland, baadhi ya wanasiasa na viongozi wa soka Ulaya walianza kuzungumzia kususia.

Kwetu habari kubwa ni viza. Kuanzia Januari 1, 2026, Marekani iliiweka Tanzania kwenye orodha ya nchi zilizozuiliwa kwa sehemu, zikiwemo viza za utalii. Senegal na Ivory Coast, zilizofuzu, zimo pia. Wachezaji na makocha waliruhusiwa. Mashabiki hawakuwekwa kwenye msamaha huo.

Yaani shabiki wa Ifakara aliyeuza mpunga akapata nauli hana hata cha kususia. Mlango umefungwa kabla hajagonga.

Kwa hiyo inasaidia?

Historia inaonyesha inasaidia pale wanaosusia wakiwa wengi, wakiwa na dai moja linaloeleweka, na wakiwa tayari kupoteza kitu. Ikiwa ni nchi moja yenye hasira, inaishia kama Nigeria.

Na gharama haigawanywi sawa. Wanaoamua ni viongozi. Anayepoteza ni mchezaji mwenye miaka michache ya ubora wake.

Tulifikirie hili mapema, maana AFCON 2027 ni yetu, Kenya na Uganda. Baada ya uchaguzi wa Oktoba 29, 2025, ambapo watu waliuawa na intaneti ikazimwa, nchi yetu nayo inaangaliwa. Tulizoea kuwa wanaosusia. Mwenyeji wa mashindano anakaa upande wa pili wa swali hilohilo.