Asali ya babu na malkia aliyekwenda Brazil

Wiki iliyopita nikiwa kwenye foleni hapa Dar, kijana mmoja alinisogezea dirishani chupa ya maji iliyojaa kitu cha rangi ya kahawia. "Asali ya Tabora hii braza, orijino!" Nikanunua. Nilipofika nyumbani nikaionja. Sukari guru tupu. Nilikasirika kuliko nilivyotarajia, maana mimi ni mjukuu wa mrina asali wa huko huko Tabora, na asali ya kwao naijua.

Hasira hiyo ndiyo iliyonikalisha chini kuandika haya. Shuleni tulifundishwa kwamba Tabora ni misafara, pembe za ndovu na Mtemi Mirambo. Asali hatukuambiwa. Lakini Richard Burton, Mwingereza aliyeingia Tabora Novemba 1857, kwenye kitabu chake cha mwaka 1860 alieleza habari za mizinga ya magogo iliyotundikwa mitini. Kwa hiyo jamani, kazi hii haikuletwa na mradi wala mfadhili yeyote. Tulikuwa nayo.

Wajerumani walipotawala, walichokitaka zaidi ni nta. Sababu si ngumu kuiona. Asali ni nzito, inamwagika, na mpagazi hawezi kufika nayo pwani kwa faida. Nta haivuji wala haiozi, na Ulaya ilihitajika kwa mishumaa na mambo mengine mengi. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912 safari ya nta ikawa rahisi zaidi. Asali yenyewe ilibaki nyumbani ikawa chakula, dawa na pombe ya harusi. Nadhani ndiyo maana historia yake haikuandikwa, kwa sababu kilichohesabiwa ni kile kilichopita bandarini.

Sasa tuje kwenye ufundi. Ulaya nyuki hujiwekea akiba ya kupita majira ya baridi. Kwetu joto lipo mwaka mzima, hivyo chakula kikiisha au moto ukipita, kundi zima linahama. Mrina asali wa Kinyamwezi halazimishi nyuki wakae. Anatundika mizinga mingi msituni, mingine inabaki mitupu, halafu anasubiri waje wenyewe. Anaitundika juu ili nyegere asiifikie. Urinaji unafanyika usiku, kwa moshi.

Babu alikuwa akisema kwamba asali moja hakuna. Mtundu huchanua kabla ya mvua, kuanzia Septemba hivi, na asali yake hurinwa mwisho wa mwaka. Muba huchanua baadaye, mvua zikielekea ukingoni, na hapo ndipo mavuno makubwa ya kuanzia Mei. Halafu kuna ya nyuki wadogo wasiouma, nyepesi yenye uchachu, ambayo bibi aliificha kwa ajili ya vikohozi vyetu. Yeye babu akilamba kidogo tu anakwambia ni ya mti gani. Sisi tulicheka, tukidhani anatutania.

Kuna kisa kimoja ambacho sijui kwa nini hakisimuliwi. Mwaka 1956 mtaalamu wa Brazil, Warwick Kerr, alipeleka kwao malkia wa nyuki kutoka Afrika, kwa sababu nyuki wa Ulaya walikuwa hawafanyi vizuri kwenye joto la Brazil. Wengi walitoka Afrika Kusini, lakini alikuwepo pia malkia wa kutoka Tabora! Mwaka 1957 makundi 26 yalitoroka, yakachanganyika na nyuki waliokuwepo, yakasambaa bara zima. Mwaka 1990 walifika Texas. Marekani wakawabandika jina la "nyuki wauaji" na kuwatengenezea sinema za kutisha. Wafugaji wa Brazil wao walijifunza kuishi nao, na leo nchi yao inauza asali nyingi nje. Mimi ninaposikia "nyuki wauaji" namkumbuka babu akipanda mtini usiku kifua wazi, na kienge cha moto mkononi.

Kinachoua kwetu ni kitu kingine. Mwaka 1947 Waingereza walianza mradi wao mkubwa wa karanga Kongwa, Nachingwea na Urambo. Msitu ukafyekwa kwa matrekta, na kufikia mwaka 1951 mradi umekufa. Urambo ikageukia tumbaku. Tumbaku ile hukaushwa kwa moto kwenye mabani, na kuni zinazoingia humo ni miombo ile ile inayolisha nyuki. Tena tuseme ukweli wote, hata mzinga wa gome unaua mti, kwa sababu ukiuchuna gome kuuzunguka hauponi. Lakini bani linakula miti kila msimu.

Ningependa kumalizia kwa kulaani tumbaku, ila siwezi. Babu naye alilima tumbaku. Ada ya shule ya baba ililipwa na tumbaku, si asali, na baba asingesoma mimi nisingekuwa hapa naandika. Tumbaku ilikuwa na mnunuzi wa uhakika, asali ilisubiri mpita njia. Sheria ya ufugaji nyuki ilipitishwa mwaka 2002, Tabora kuna chuo cha ufugaji nyuki, na mizinga ya masanduku inaongezeka. Yote mema. Lakini mzinga bila mti unaochanua ni sanduku tu.

Babu alifariki kabla sijamhoji. Nina kanda chungu nzima za mawaziri wakifungua semina, na sina hata dakika moja ya sauti yake akitaja miti. Mtundu na muba ninaikumbuka. Alikuwa akitaja mingine mingi, na majina hayo alikwenda nayo. Wewe kama bado una babu, nenda na kinasa sauti kabla ya kwenda na zawadi.