Azoti: kutoka bia ya Copenhagen mpaka petroli ya ziwa letu

Sisi watu wa agronomia tunajua azoti ni chakula cha mahindi. Ndani ya petroli ni adui: hata kidogo tu inaharibu vichocheo vya rafineri, na mazuti ikikaa sana kwenye stoki inaweka uchafu kama gundi.

Namna ya kuipima ilizaliwa kwenye bia. Mwaka 1883, Johan Kjeldahl wa labo ya Carlsberg, Copenhagen, alitaka kujua protini ya shayiri. Alichemsha nafaka ndani ya asidi sulfuriki kali, azoti ikageuka amonia, akaikamata, akaipima. Ni njia ileile tunapimia udongo mpaka leo.

Watu wa petroli waliiazima, lakini ikakwama. Azoti ya mafuta mara nyingi imefungwa ndani ya pete ngumu kama piridini, asidi haizivunji vizuri, tena ni kidogo sana. Ndiyo maana siku hizi sampuli inachomwa karibu digrii 1000, gesi inakutanishwa na ozoni, na mwanga unaotoka ndio unapimwa. Hiyo inasema ni kiasi gani. Kujua ni aina gani, kromatografia inazitenganisha moja moja.

Inatuhusu nini hapa Kalemie? Mwaka 2022 Serikali ilitia maeneo ya petroli ya Tanganyika kwenye mnada, 2024 ikaufuta. Mnada ukirudi, nani atapima? Tukikosa labo na watu, tutasomewa tu matokeo ya wengine. Kjeldahl alikuwa mtu wa nafaka. Sisi pia.