Pete ya Mpira na Pembe ya Mbuzi

Mbuzi alianza kufugwa katika milima ya Zagros, iliyoko Iran ya leo, yapata miaka 10,000 iliyopita, na wafugaji wengi wameendelea kumwachia pembe zake hadi sasa. Haja ya kuziondoa hukua pale mnyama anapofungiwa, kwa maana katika banda finyu au kwenye kihori cha kulishia pembe hujeruhi wenzake, hunasa katika nyavu za ua na humtia hatarini mkamuaji.

Mjadala mkubwa wa kisheria juu ya jambo hili ulianza kwa ng'ombe. Mwaka 1889, katika kesi ya Ford dhidi ya Wiley, mahakama ya Uingereza iliamua kwamba kuwakata pembe kwa msumeno ng'ombe waliokwisha kukua ni ukatili, na kwamba faida ya mkulima haitoshi kuhalalisha maumivu makali kiasi hicho. Mahakama za Scotland na Ireland ziliona vingine, lakini swali lililoulizwa lilibaki kuwa ndilo la msingi: je, manufaa ya mfugaji yanalingana na mateso ya mnyama?

Mpira ulionekana kutoa jibu rahisi. Baada ya Charles Goodyear kugundua mwaka 1839 namna ya kuuimarisha mpira kwa salfa na joto, ilikuwa rahisi kutengeneza pete zinazonyumbuka bila kupoteza nguvu, na katika karne ya 20 pete nene na ndogo zilianza kutumika kuhasi na kukata mikia ya kondoo. Kifaa chake ni koleo lenye meno manne, ambalo likibanwa huitanua pete ili ivishwe mahali panapokusudiwa, kisha pete hurudi na kukaza. Baadhi ya wafugaji wa mbuzi waliihamishia pete hiyo kwenye pembe.

Hata hivyo, pembe si kama mkia. Gamba lake la nje, ambalo asili yake ni moja na ya kwato, halina hisia, ila ndani yake mna kiini cha mfupa kilichoungana na fuvu, chenye mishipa ya damu na ya fahamu, na katika mbuzi mkubwa uwazi wa paji la uso huendelea hadi ndani ya kiini hicho. Kwa kuwa pembe huchongoka kuelekea juu, pete huteleza, na hivyo mfugaji huchonga kwa tupa mfereji mwembamba karibu na mstari wa nywele ili pete ishike. Tangu hapo damu huzuiwa, tishu hufa polepole, na pembe huanguka baada ya wiki kadhaa, ambamo pete huweza kukatika, pembe iliyolegea huweza kung'oka kwa kugongwa na kutoa damu nyingi, na kidonda huweza kuvutia funza au kuingiza pepopunda.

Kosa lililoipa njia hii sifa lilikuwa kudhani kwamba pasipo damu hapana maumivu, ilhali mateso ambayo msumeno huyakusanya katika dakika chache, pete huyatandaza kwa siku nyingi na kuyaficha machoni pa watu. Kuchoma vichipukizi vya pembe katika siku za mwanzo za kitoto humaliza kazi mapema, ingawa kunahitaji ganzi na mkono wa mtaalamu, maana fuvu lake ni jembamba na joto likizidi hudhuru ubongo.

Kuzalisha mbuzi wasioota pembe nako kuna kikwazo. Mwaka 1944 mtafiti S. A. Asdell alionyesha kwamba hali hiyo huenda ikafungamana na uzaliwaji wa huntha, yaani wanyama wasio dume wala jike kamili, na mwaka 2001 watafiti wa Ufaransa walibaini kipande cha urithi kinachokosekana ambacho huleta mambo yote mawili. Kwa hiyo mfugaji aliyekwisha kuwa na mbuzi mkubwa mwenye pembe ana njia ya haki zaidi, nayo ni kupanua banda, kurekebisha kihori na kumwachia mnyama pembe zake. Na ikilazimu ziondolewe, kazi hiyo ni ya daktari wa mifugo mwenye dawa ya ganzi.