Watu wa Nasik na Mateka wa Kisauni

Katika mkutano wetu mkuu lilizuka neno ambalo halikuisha vizuri. Vijana wa kanisa walikuwa wameomba nauli kutoka sanduku la chama ili waende kuwasaidia watu waliopatwa na njaa. Ndipo mzee wetu mmoja akasimama akauliza: kijana ambaye karo yake mwenyewe ililipwa na chama hiki, yeye atamsaidia nani? Swali hilo halikuwa la dharau, wala hatukuwa na jibu siku ile. Basi tumeonelea vema kulijibu katika taarifa hii kwa habari za kale, kwa kuwa habari zenyewe hazikutokea mbali.

Mtu avukaye daraja la Nyali kutoka kisiwani Mombasa huifikia njia panda ya Kengeleni. Mahali hapo pamepata jina lake kutokana na kengele iliyotundikwa zamani, ambayo ilipigwa kuwaonya watu wa Frere Town kwamba washika watumwa wanakuja. Wengi wetu tumepita hapo tukienda sokoni pasipo kujiuliza ni nani waliojenga mji uliohitaji kengele ya namna hiyo.

Katika karne ya 19 manowari za Waingereza zilikuwa zikiyakamata majahazi yaliyochukua watumwa baharini. Walakini waliookolewa hawakuweza kushushwa pwani yetu, maana wangeshikwa tena. Kwa hiyo wengi, hasa watoto, walipelekwa mpaka Bombay katika Bara Hindi, na baadhi yao wakatiwa katika makao ya Church Missionary Society huko Sharanpur, karibu na mji wa Nasik, chini ya kasisi William Salter Price. Hapo walifundishwa kusoma na kuandika, na kila mmoja kazi ya mkono, kama vile useremala, uashi na uhunzi. Walikuwa watoto wasio na baba wala mama, wakila chakula cha sadaka. Kama kuna watu ambao swali la mzee wetu lingewahusu, ndio hao.

Hata hivyo, mwaka wa 1864 vijana watatu miongoni mwao, William Jones, Ishmael Semler na George David, walitumwa Rabai kumsaidia Johannes Rebmann, aliyekuwa amekaa huko tangu mwaka wa 1846. Wengine wa Nasik walisafiri na Dkt. Livingstone, naye alipofariki mwaka wa 1873 walikuwa pamoja na wenzao waliouchukua mwili wake kutoka kijiji cha Chitambo mpaka Bagamoyo, safari ya maili zaidi ya 1,000 kwa miguu. Jacob Wainwright alikwenda na jeneza mpaka Uingereza, akahudhuria maziko tarehe 18 Aprili, 1874.

Mwaka huo wa 1873 Sultani Barghash wa Unguja alitia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini na kuyafunga masoko yao. Sasa ilihitajika mahali pa kuwapokea waliookolewa. Price alifika Mombasa mwishoni mwa mwaka wa 1874, na mwaka uliofuata shamba likanunuliwa Kisauni, likaitwa Frere Town kwa jina la Sir Bartle Frere. Watu wa Nasik wakaletwa kutoka Bombay, na mwaka uo huo wa 1875 manowari zikaanza kushusha mateka.

Hapa tunaomba msomaji atue kidogo. Mateka walishuka wakiwa wagonjwa na wenye njaa, wengi wao Wayao, Wanyasa na Wamakua, wasiojua kama walikuwa wameokolewa au wameuzwa mara ya pili. Mzungu aliyewapokea hakuwa na lugha ya kuwatoa hofu. Lakini Jones alikuwa Myao, naye alikuwa ameyapita hayo hayo akiwa mtoto. Neno la mtu kama huyo lilikuwa na uzito ambao sisi hatuwezi kuupima. Kadhalika maseremala, waashi na wahunzi waliofunzwa Nasik ndio waliokuwa na ufundi wa kuijenga Frere Town, na miongoni mwao walitoka walimu na wakalimani.

Hatutaki kuipamba habari hii. Watu wa Nasik walilipwa kidogo kuliko Wazungu waliofanya nao kazi, wakalalamika, na malalamiko yao yalikuwa ya haki. Katika miaka ya mwanzo ya 1880 ilijulikana pia kwamba ndani ya mji huo wa uhuru watu walipigwa viboko na kufungwa, ikabidi ufanywe uchunguzi. Tena wenye watumwa wa Mombasa walikasirika kwa sababu watoro walikuwa wakikimbilia misheni, hata mwaka wa 1880 wakatishia kuushambulia mji.

Jones na Semler walifanywa mashemasi na Askofu James Hannington mwaka wa 1885. Jones akaenda naye katika safari ya Uganda, na baada ya askofu kuuawa Busoga ndiye aliyewarudisha Rabai wapagazi waliosalia, mwezi wa Februari 1886. Lakini jambo kubwa kupita yote, kwa maoni yetu, ni lile la watoro wa Rabai. Mwaka wa 1888 ilionekana kwamba mamia ya watumwa waliowatoroka mabwana zao walikuwa wakiishi na kulima kituoni pale, ambapo Jones alikuwa mwangalizi kwa miaka kadhaa. Alilaumiwa kwa kuwaacha wakae. Mabwana wakawadai, nasi hatuoni ajabu kwamba mtu aliyeuzwa utotoni hakuwa mwepesi wa kumrudisha mtoro kwa bwana wake. Mwishowe George Mackenzie wa kampuni ya Imperial British East Africa akakubali kuwalipa mabwana fidia, na tarehe 1 Januari, 1889 watu zaidi ya 1,400 wakapewa hati za uhuru.

Miongoni mwa watu wa Nasik waliouchukua mwili wa Livingstone, Matthew Wellington aliishi muda mrefu, akafariki Mombasa mwaka wa 1935. Jina lake la utotoni lilikuwa Chengwimbe.

Mzee aliyeuliza swali tumempelekea nakala ya kwanza ya kijitabu hiki. Ombi la nauli ya vijana litaletwa tena katika mkutano ujao, naye ametuahidi kuwa atafika mapema.