Mwerezi Uliopaa

Ubishi ulianzia kijiweni, kama kawaida. Jamaa yetu mmoja, msomaji mzuri wa magazeti, alishikilia kwamba roketi ni mambo ya wakubwa: Marekani, Urusi na China. "Sisi wengine tubaki na fataki zetu za sikukuu," akasema, watu wakacheka. Nami nilicheka, lakini jibu nilikuwa nalo. Nikamwambia, "Kaa vizuri, kaka, nikupe habari za Beirut."

Ndugu msomaji, habari yenyewe ndiyo hii, na ni ya kweli tupu.

Mwaka 1960 kijana wa miaka 25 hivi, Manoug Manougian, alifika Beirut, mji mkuu wa Lebanon, kufundisha hisabati na fizikia katika chuo cha Haigazian. Chuo kilikuwa kidogo, kilichofunguliwa na Waarmenia mwaka 1955. Manougian naye alikuwa Mwarmenia, mzaliwa wa Yerusalemu, na tangu utotoni vitabu vya Jules Verne vilikuwa vimemkaa kichwani. Warusi walikuwa wamekwisha kurusha Sputnik mwaka 1957, na dunia nzima ilikuwa inatazama juu. Basi mwalimu akakusanya wanafunzi wachache, wakaunda chama cha roketi.

Fedha zilikuwa wapi? Hazikuwapo. Mwalimu alimega mshahara wake mdogo kununua kemikali. Roketi za mwanzo ziliundwa kwa makaratasi magumu na vipande vya bomba, na ndani yake wakashindilia unga wa zinki na salfa. Moja ya zile za majaribio, badala ya kupaa, ilikwenda zake upande na kuangukia karibu na kanisa. Hebu fikiria wangekuwa kina sisi! Tungetawanyika siku ile ile. Wao walirudi wakapiga hesabu upya. Aprili 1961, mwezi ule ule Yuri Gagarin alipoizunguka dunia, roketi yao ilipaa kiasi cha kilomita moja. Iliyofuata ikafika mbili.

Hapo wakakutana na kizingiti kinachomkuta kila mwenye roketi. Ukitaka ifike mbali huwezi kuongeza mafuta tu, kwani mafuta ni mzigo, na bomba la kuyabebea ni mzigo vilevile. Dawa yake ni kuijenga roketi kwa hatua, moja juu ya nyingine. Hatua ya chini inawaka na kusukuma zote. Mafuta yake yakiisha inajiachia na kuanguka. Hatua ya juu inawaka ikiwa tayari ina mwendo, na haina tena mzigo wa mwenzake. Kwa maneno mengine, wa chini anachoka ili wa juu afike. Inaelezeka kirahisi, lakini kuifanya si mchezo: hatua ya pili ikichelewa kuwaka, au roketi ikiwa imeinama kidogo tu, kazi yote imekwisha.

Walifaulu. Jeshi la Lebanon likawapa msaada kupitia ofisa wake mtaalamu, Youssef Wehbe, na chama kikabadilika jina kikawa cha taifa. Roketi zikaitwa Cedar, yaani mwerezi, mti ulioko kwenye bendera yao, ndiyo ile mierezi ya Lebanoni tunayoisikia katika Biblia. Kwanza ikaja ya hatua mbili, kisha ya hatua tatu. Walirushia Dbayeh, kando ya bahari, watu wakaja kushangilia. Cedar 4 ya mwaka 1963 inaelezwa kwamba ilifika kilomita 145 kwenda juu. Mwaka 1964 nchi ikatoa stempu zenye picha ya roketi. Wanafunzi, jamani! Wengine walikuwa bado wana mitihani ya kufanya.

Lakini mambo hayakuwa matamu tu. Kulitokea ajali ya kemikali, vijana wakaungua vibaya. Kwa hiyo wewe unayesoma haya usije ukathubutu jikoni kwenu. Tena, kitu kinachoruka mbali kiasi hicho wenye bunduki hukitazama kwa jicho lao. Manougian alitaka elimu, hakutaka silaha. Baadaye akaondoka kwenda Marekani kuendelea na masomo. Cedar ya nane iliruka mwaka 1966. Mwaka 1975 vita vya wenyewe kwa wenyewe vikalipuka, vikadumu hadi 1990, na katika miaka ile roketi za Lebanon zilizojulikana ni za kuuana.

Sasa sikiliza kilichonigusa zaidi. Joana Hadjithomas na Khalil Joreige, waliozaliwa Beirut mwaka 1969, walikua bila kujua kabisa habari hizi. Roketi iliyoonwa na umati, ikawekwa kwenye stempu, ilikuwa imefutika vichwani mwa watu! Walipoamua kutengeneza filamu yake, iliyotoka mwaka 2012, hazina waliikuta mbali, Florida, kwa mwalimu yule yule. Alikuwa ametunza filamu na picha miaka yote. Mwaka 2011 waliunda mfano wa Cedar 4, wenye urefu wa mita 8, ukapitishwa katika barabara za Beirut hadi uani kwa chuo kile kile.

Nilipofika hapo kijiwe kilikuwa kimya. Mimi nilikuwa nafikiria tamthilia yetu, ile tuliyoiandika sisi wenyewe na kuicheza mbele ya ukumbi uliojaa. Nakala iko wapi? Kila mtu alidhani mwenzake anayo. Leo nakumbuka mistari minne tu, na mmoja sina hakika nao. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Tulidhani wanasema juu ya fedha.

Yule jamaa akaniuliza, "Kwa hiyo unataka tuunde roketi?"

Nikamwambia, "Hapana. Nataka kesho uje na daftari."

Alikuja nalo. Tuko ukurasa wa tatu wa tamthilia, tunabishana nani alisema nini.