Mtumbwi wa Mtu Mmoja

Mchezo wa leo aghalabu ni kazi ya jana. Upinde uliowalisha wawindaji wa kale sasa hulenga shabaha uwanjani, na farasi aliyebeba mashujaa vitani hushindana mbio kwa furaha ya watazamaji. Ndivyo ilivyo kayaki, chombo chembamba cha mtu mmoja kionekanacho katika maziwa, mito na hori za nchi nyingi, kikiendeshwa na watu wasiotafuta samaki wala riziki, bali utulivu wa nafsi. Atakaye kujifunza kukiendesha yafaa ajue kwanza kilikotoka, kwani asili ya kitu ni nusu ya mafunzo yake.

Kayaki ilizaliwa katika nchi za barafu, katika Greenland na pwani za kaskazini za Amerika, kwa akili ya Wainuiti na jirani zao. Sehemu nyingi za nchi hizo hazioti miti mikubwa. Kiunzi cha chombo kilifanywa kwa mbao zilizoletwa na bahari, au kwa mifupa, kisha kikavikwa ngozi ya sili. Mwindaji alipimiwa chombo chake kama mtu apimiwavyo kanzu, hata kikawa sehemu ya mwili wake. Katika Greenland alivaa koti la ngozi lililofungwa kwenye mdomo wa chombo, maji yasipate pa kuingia. Maji ya huko ni baridi ya kuua, na aliyetumbukia ndani yake hakuwa na muda mrefu wa kuishi. Kwa hiyo vijana walifundishwa kwamba chombo kikipinduka, wasitoke; bali wajiinue kwa pigo la kafi mpaka warudi juu. Hayo hayakuwa mashindano ya ushupavu. Yalikuwa mpaka baina ya mke na mjane.

Kayaki ilipata sifa ya burudani katika Ulaya kwa juhudi za Mskoti mmoja, wakili John MacGregor. Maji nusura yamwue kabla hajajua jina lake. Alikuwa mtoto wa wiki tano tu wakati merikebu iitwayo Kent, iliyokuwa ikielekea Bara Hindi, iliposhika moto katika Ghuba ya Biscay mwezi wa Machi 1825. Watu zaidi ya 500 waliokolewa na merikebu ndogo iitwayo Cambria, naye akiwa miongoni mwao. Mwingine angaliyaogopa maji maisha yake yote. Yeye aliyapenda. Mwaka 1865 aliundiwa chombo cha mti wa mwaloni, chenye sitaha ya mwerezi, urefu wake futi 15 na uzito wake ratili 80. Alikiita Rob Roy, akashika kafi lenye mabapa mawili kwa mfano wa watu wa kaskazini, akapita katika Rhine, Danube na mito mingine ya Ulaya. Mahali palipokosa maji, chombo kilipakiwa katika gari la moshi au mkokoteni. Kitabu cha safari hiyo, A Thousand Miles in the Rob Roy Canoe, kilitoka mwaka 1866, na mwaka huohuo chama cha wapenda mchezo huo kikaanzishwa katika Uingereza.

MacGregor alisifu jambo moja ambalo wenyeji wa pwani yetu hawahitaji kuambiwa. Mvuta makasia huipa mgongo njia aiendeayo. Mpiga kafi huitazama. Lugha yetu imetenga maneno haya mawili tangu kale, kwa sababu watu wa mitumbwi waliijua tofauti hiyo kwa mikono yao.

Baada yake walikuja wengine. Mwaka 1905 mwanafunzi wa Ujerumani, Alfred Heurich, alibuni kayaki ya kukunjwa. Na mwaka 1907 mshonaji wa nguo, Johann Klepper, akanunua haki ya kuitengeneza. Tangu hapo mtu aliweza kutia chombo katika mifuko, akapanda treni, akaenda mtoni. Mwaka 1927 Hans Pawlata wa Austria alijifunza kujiinua majini kwa kufuata maelezo yaliyoandikwa juu ya watu wa Greenland. Mwaka 1936 kayaki ikaingia katika Michezo ya Olimpiki mjini Berlin. Baadaye ngozi na turubai zilipisha nyuzi za kioo, na nyuzi za kioo zikapisha plastiki. Vitabu vimehifadhi majina ya waungwana hawa; majina ya waliobuni chombo chenyewe hayakuandikwa. Haki yataka tuseme kwamba Ulaya haikuvumbua kayaki. Ilikwenda shule kwa Wainuiti.

Basi mwanafunzi wa leo naye aende shule hiyo kwa adabu. Achague maji matulivu na siku isiyo na upepo mkali. Avae jaketi la kuokoa maisha na kulifunga barabara. Akae wima, miguu ikiegemea imara, achovye bapa karibu na vidole vya miguu, avute kwa kuzungusha kiwiliwili, wala si kwa mikono pekee. Aanze kwa kwenda dhidi ya upepo, ili urejeo umkute na nguvu iliyobaki na upepo wa kumsaidia. Na kabla ya kwenda mbali, ajipindue kwa makusudi katika maji ya kifuani, mwalimu akiwa kando, ajifunze kutoka bila hofu na kukishika chombo chake.

Aulize pia wenyeji wa maji. Ziwa la Naivasha hulala kama kioo asubuhi, lakini chini ya kioo hicho yumo kiboko. Katika hori ya Mida maji hujaa na kupwa, na asiyejua saa zake hukwama topeni. Wahenga walisema: mwanamaji wa Kwale kufa maji mazoea. Ikiwa mazoea humwua aliye fundi, ujinga utamfanyaje mwanagenzi?

Furaha ya kayaki ni halali, na ni tamu. Lakini ilinunuliwa kwa maisha ya wawindaji waliojifunza kila pigo la kafi kwa kuhesabu nani amerudi na nani hakurudi. Ajifunzaye kwa uangalifu huwalipa deni lao. Apuuzaye hulilipa kwa nafsi yake.